Kijana wetu amepewa mkataba na timu ya NHL akiwa mwaka wa pili chuoni. Asaini au arudi shule?

Swali: Mwalimu, salaam. Sisi ni familia kutoka Kenya, tunaishi Minnesota. Kijana wetu ana miaka 20, anacheza hoki ya barafu chuoni, nafasi ya beki. Mwaka 2024 timu moja ya NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu Marekani na Kanada, ilimchagua raundi ya nne kwenye drafti, yaani ule uteuzi ambapo timu hugawana haki za kuwasaini vijana. Amemaliza mwaka wa pili, ana ufadhili kamili, anasomea uhandisi wa mitambo. Ana krediti 62, na digrii yake inataka 128. Msimu huu alicheza jozi ya pili ya mabeki, akapata pointi 17 (mabao na pasi za mabao) katika mechi 36. Sasa timu imemletea mkataba wa miaka mitatu, dola 925,000 kwa mwaka, na wamesema ataanzia kwenye timu yao ya AHL, ligi iliyo chini ya NHL. Baba yake anasema pesa ya namna hiyo haikataliwi. Mimi nataka digrii. Kijana mwenyewe yuko katikati, na tumepewa wiki mbili. Tufanyeje?

Jibu:

Dada yangu, wiki mbili ni muda mfupi, kwa hiyo naanza na jibu lenyewe. Kwa hayo uliyoniandikia, kijana arudi chuoni mwaka mmoja zaidi, na suala la mkataba lifunguliwe upya Machi au Aprili 2027, msimu wake wa tatu utakapokwisha. Mimi ni mshauri wa masomo wa wanamichezo na digrii ndiyo kazi yangu ya kila siku, lakini safari hii ningemwambia arudi hata kama digrii isingekuwepo. Kilichoniamulia ni maneno uliyoyapitia haraka: ataanzia kwenye timu ya AHL.

Nyumbani kwenu mnapima pesa na shule. Timu ina kipimo chake. Inajiuliza Oktoba huyu kijana atacheza wapi, dakika ngapi, dhidi ya watu gani, na baada ya mwaka atakuwa amekua kiasi gani. Nanyi mkianza na maswali hayo, mengi yatajipanga yenyewe.

Lakini niende kwanza kwenye pesa, maana baba yake anastahili kujibiwa kwa hesabu.

Mkataba aliopewa ni ule wa kuingilia ligi, ambao kila kijana wa umri wake lazima aanze nao. Hauna nafasi kubwa ya kujadiliana. Kwa waliochaguliwa kwenye drafti ya 2024, malipo hayaruhusiwi kuzidi dola 975,000 kwa mwaka, na anayesaini akiwa kati ya miaka 18 na 21 anafungwa miaka mitatu. Hizo 925,000 mlizoandikiwa ni za siku ambazo yuko NHL. Mshahara unahesabiwa kwa siku. Siku akiwa AHL, analipwa kwa kiwango cha pili kilichoandikwa kwenye mkataba huohuo, na kwa vijana wapya kiwango hicho huzunguka dola 80,000 kwa mwaka. Tafuteni mstari huo kwenye karatasi zenu na muusome pamoja, nyote watatu.

Juu yake kuna posho ya kusaini, ambayo kisheria haizidi asilimia 10 ya malipo ya mwaka, yaani kwake haiwezi kupita dola 92,500. Posho hiyo hulipwa hata akikaa AHL mwaka mzima, na kwa kijana wa raundi ya nne hakuna anayehakikisha kwamba atapewa yote. Kwa hiyo mwaka mzima wa AHL utamwingizia dola 170,000 hivi kama kila kitu kitakwenda vizuri, na pungufu ya hapo kama posho ni ndogo. Toeni kodi ya serikali kuu, kodi ya jimbo, asilimia ya wakala, pango la nyumba. Kinachobaki bado ni pesa nzuri kwa mtu wa miaka 20 na siidharau hata kidogo. Najua Wakenya wenzetu wanaofanya shifti mbili kwa siku ambao hawaifikii. Ila uamuzi wenu ufanywe kwa tarakimu hiyo. Ile ya 925,000 iwekeni pembeni mpaka siku atakapovaa jezi ya timu kubwa.

Na kuna jambo la ukoo ambalo mawakala hawalizungumzii. Mishahara ya NHL hutangazwa hadharani. Siku atakayosaini, binamu zake Nairobi watasoma 925,000, watapiga hesabu na kupata karibu shilingi milioni 120 za Kenya, na kuanzia hapo kila harambee itakuwa na jina lake. Kijana anayekaa nyumba ya kupanga na mwenzake, akipokea mshahara wa AHL, atakuwa tajiri kwenye simu za watu. Nimeona vijana wakianza kukwepa simu za shangazi zao kwa sababu hii, na inawaumiza kuliko kushindwa mechi. Akisaini, mwaka huu au mwaka wowote, nyinyi wazazi ndio mtakaowaeleza jamaa ukweli, msimwachie yeye.

Upande wa chuo nao una thamani ya pesa. Ufadhili kamili, yaani ada, chumba, chakula na vitabu, katika vyuo vingi vya binafsi vyenye timu kubwa za hoki unapita dola 80,000 kwa mwaka. Tangu Julai 2021 mwanamichezo wa chuo anaruhusiwa kuingiza kipato kwa jina na sura yake, na tangu Julai 2025 vyuo vilivyojiunga na utaratibu mpya vinaweza kuwalipa wachezaji moja kwa moja. Fungu kubwa huenda kwa mpira wa miguu wa Kimarekani na wa kikapu, hoki hupata makombo, lakini muulizeni kocha kwa uwazi kijana atapata nini mwaka wa tatu. Timu ikionyesha nia ya kumsaini, chuo nacho huwa na sababu ya kufungua mkoba. Tahadhari moja: kama kijana yuko hapa kwa viza ya mwanafunzi badala ya uraia au green card, asisaini mpango wowote wa kulipwa kabla hajaonana na mwanasheria wa uhamiaji.

Sasa woga wa baba, ambao nadhani ndio mzizi wa mjadala wenu: kwamba mkataba ukikataliwa leo hautarudi. Timu iliyomchagua kijana mwaka 2024, naye akaenda chuo moja kwa moja, inashikilia haki ya kumsaini katika miaka yote minne ya masomo, hadi tarehe 15 Agosti 2028. Asiposaini na timu hiyo mpaka hapo, anakuwa huru kwenda kwa yeyote. Makubaliano mapya kati ya ligi na chama cha wachezaji yanaanza Septemba 2026, kwa hiyo mwambieni mshauri wenu wa mkataba awaletee kwa maandishi tarehe inayomhusu kijana wenu, athibitishiwe na chama cha wachezaji chenyewe. Msikubali kuambiwa kwa mdomo.

Tazameni wengine walivyopita njia hiyo. Jimmy Vesey alichaguliwa na Nashville mwaka 2012, wa 66 kwenye drafti. Akakaa Harvard miaka minne, akatwaa tuzo ya Hobey Baker ya mchezaji bora wa vyuo mwaka 2016, akaukataa mkataba wa Nashville, na tarehe 15 Agosti ilipopita akachagua mwenyewe kwenda New York Rangers. Adam Fox, beki kama kijana wenu, alichaguliwa na Calgary mwaka 2016, wa 66 vilevile. Alikaa Harvard miaka mitatu, haki zake zikahamia Carolina, kisha Rangers, akasaini mwaka 2019, na mwaka 2021 akatwaa tuzo ya Norris ya beki bora wa NHL. Sisemi kijana apange kuikimbia timu yake. Nasema kadiri tarehe hiyo inavyosogea, presha inahamia kwa timu. Hizo wiki mbili mlizopewa wamezipanga wao, hazimo kwenye sheria ya ligi. Mkiwajibu kwa heshima kwamba anarudi kuongeza kiwango na anabaki na hamu ya kuvaa jezi yao, watanuna siku tatu, halafu mwezi wa kumi watakuja kumtazama akicheza kama walivyofanya mwaka huu.

Mjue pia kwa nini wanamtaka leo. Klabu ya NHL haiwezi kuwa na mikataba zaidi ya 50 kwa wakati mmoja, wakubwa na wadogo wote ndani. Kwa hiyo kumpa mkataba kijana wa raundi ya nne ni heshima ya kweli, ameifanyia kazi. Lakini inawezekana pia kwamba timu yao ya AHL imepungukiwa na mabeki, na wanahitaji mtu wa kujaza nafasi Oktoba. Sababu hizo mbili zinaletwa kwa maneno yaleyale matamu na mkataba uleule. Kuzitofautisha, mnauliza swali moja tu kwa meneja wa timu: katika orodha yenu ya mabeki wa AHL, kijana ni wa ngapi siku ya kwanza ya msimu? Akitaja jozi na akawataja wenzake kwa majina, kuna mpango. Akizungumza juu ya fursa, ushindani na kila kitu kuwa mikononi mwa kijana, hakuna.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo uamuzi wenyewe ulipo.

Beki huchelewa kuiva kuliko mshambuliaji. Mshambuliaji mwepesi anaweza kuishi kwa kasi na ujanja. Beki anafuata kisahani kwenye kona, mgongo ukiwa kwa mpinzani, anajua kwamba mtu mzima mwenye kilo 95 anamjia kwa kasi, na ana nusu sekunde ya kuamua pasi iende wapi. Chuoni anayemjia mara nyingi ni kijana mwenzake wa miaka 19 au 22. Huko AHL anayemjia ni baba wa watoto wawili, ana miaka 29, anatafuta mkataba wa mwisho. Hukuniandikia uzito wa mwanao. Kama yuko chini ya kilo 85, hilo peke yake lingenitosha kumwambia asubiri.

Na mwili unajengwa wapi? Tazameni ratiba. Chuoni mechi ni Ijumaa na Jumamosi. Jumatatu hadi Alhamisi asubuhi ni vyuma, mchana barafu, jioni video na masomo. Mechi za msimu mzima ni 35 hadi 40 hivi. AHL ni mechi 72 kuanzia Oktoba hadi Aprili, na zipo wikendi za mechi tatu kwa siku tatu, Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, katikati ni basi usiku kucha. Mchezaji anafika mjini saa tisa usiku, saa nne asubuhi yuko barafuni. Vyuma vinakuwa vya kujilinda asipungue, hakuna nafasi ya kuongeza. Kwa kijana aliyekwisha kukomaa, AHL ni shule bora kuliko chuo chochote, na wachezaji wengi wa NHL wamepita huko. Kwa ambaye bado anajaza mwili, akiwa beki wa sita anayecheza dakika 11, au anayekaa jukwaani na suti, mwaka mzima unaweza kupita bila yeye kusonga mbele.

Nina kazi moja ya kuwapa jioni hii, nyote watatu mbele ya kompyuta. Chukueni mechi tano za mwisho za msimu wake, zile zenye ushindani hasa. Tazameni dakika tano za mwisho pale timu inapoongoza kwa bao moja. Mhesabu kocha anamtuma kijana barafuni mara ngapi. Halafu tafuteni nyakati ambazo wapinzani wana mchezaji mmoja pungufu kwa adhabu, mtazame kama yuko kwenye kile kikosi cha kushambulia au amekaa benchi. Pointi zinaweza kudanganya, kocha anayelinda bao moja hadanganyi. Kama kwenye mechi hizo zote mabeki wengine wawili ndio wanaoitwa, kijana bado hajamaliza kazi ya chuo. Mwaka wa tatu wa kuitwa yeye, dakika 23 au 24 kila usiku, utamfundisha zaidi ya mwaka wa AHL wa kusubiri zamu. Kama ndiye anayeitwa tayari, niandikie tena, kwa sababu jibu langu linaanza kulegea.

Pointi 17 katika mechi 36 kwa beki wa jozi ya pili ni kazi nzuri, wala si sababu ya kuhuzunika. Cale Makar, ambaye leo wengi wanamhesabu beki bora duniani, alichaguliwa wa nne na Colorado mwaka 2017, akaingia Chuo Kikuu cha Massachusetts, na mwaka wa kwanza akapata pointi 21 katika mechi 34. Angeweza kuondoka. Akarudi. Mwaka wa pili alipata pointi 49 katika mechi 41, akatwaa Hobey Baker, akaifikisha fainali ya taifa timu ambayo kabla hajaja ilikuwa imeshinda mechi tano tu msimu mzima. Wakafungwa fainali na Minnesota Duluth tarehe 13 Aprili 2019. Siku mbili baadaye alikuwa amevaa jezi ya Colorado kwenye mechi ya mtoano dhidi ya Calgary, akafunga bao usiku huohuo. Mwaka 2022 alibeba Kombe la Stanley, ubingwa wa NHL, na tuzo ya mchezaji bora wa mtoano. Huyo alikuwa namba nne kwenye drafti, na bado mwaka wa kurudi ulimbadilisha. Owen Power alichaguliwa wa kwanza kabisa mwaka 2021 na Buffalo, naye akarudi Chuo Kikuu cha Michigan kwa mwaka wa pili kabla ya kusaini Aprili 2022. Wote wawili ni mabeki.

Walioondoka baada ya mwaka mmoja na wakafanya vizuri wapo: Jack Eichel mwaka 2015, Macklin Celebrini mwaka 2024, wote kutoka Chuo Kikuu cha Boston. Kila mmoja alitwaa Hobey Baker katika mwaka wake huo mmoja wa chuo, akachaguliwa wa pili au wa kwanza, na akaingia moja kwa moja kwenye timu kubwa. Wakala akiwatajia majina hayo, mwombeni awatajie pia mabeki wa raundi ya nne waliotoka mwaka wa pili wakiwa jozi ya pili, awaambie leo wako wapi.

Kuna hoja ya upande wa pili ambayo naiheshimu. Chuo cha leo si cha miaka mitano iliyopita. Tangu Agosti 2025 wachezaji kutoka ligi kubwa za vijana za Kanada wanaruhusiwa kucheza vyuoni, jambo lililokuwa limekatazwa miaka mingi. Gavin McKenna, kijana aliyekuwa akizungumzwa kuliko wote wa rika lake, alitangaza Julai 2025 kwamba anakwenda Chuo Kikuu cha Penn State. Vyuo vilivyoingia kwenye utaratibu mpya wa malipo vina kikomo cha wachezaji 26 kwenye kikosi. Kwa hiyo kurudi hakumpi kijana nafasi kwa haki ya ukaazi. Anaweza kukuta kocha ameleta mabeki wawili kutoka Ontario. Hili lazima liulizwe kabla ya kuikataa timu. Kocha wa chuo aulizwe kwa lugha ileile niliyowapa kwa meneja: Oktoba, kijana yuko jozi ya ngapi, na nani anacheza pembeni yake? Kocha akikwepa, kuna njia ya kuhamia chuo kingine; tangu 2024 mchezaji mwenye maendeleo mazuri darasani anaweza kuhama bila kukaa nje msimu. Ningependelea kuhama chuo kuliko kwenda AHL mapema, ingawa kwa mwanafunzi wa uhandisi kuhama kuna gharama ya krediti zinazokataliwa.

Ningebadilisha ushauri wangu kabisa kama meneja angesema: tunamtaka kwenye kikosi cha NHL sasa, mwezi huu, mechi zilizobaki. Hapo kijana angecheza na mwaka wa kwanza wa mkataba ungeanza kuhesabika papo hapo, akabaki na miwili kabla ya mkataba wa pili, ambao ndio wenye pesa za maana. Hilo ni jambo la kudai kwa nguvu mwaka ujao. Wakati huo atakuwa na kitu cha kudai nacho.

Sasa digrii yako, dada. Sikuisahau.

Uhandisi wa mitambo ni mgumu kuumalizia kwa mbali. Mwanafunzi wa mawasiliano au biashara anaweza kuchukua kozi mbili mtandaoni akiwa hotelini. Maabara ya mitambo haiendi hotelini, na kozi nyingi za mwaka wa tatu hutolewa muhula mmoja tu kwa mwaka, kila moja ikiifungulia mlango inayofuata. Akiondoka na krediti 62, anaacha nusu iliyo ngumu. Akisoma mwaka wa tatu wote na kozi mbili majira haya ya joto, anaweza kufika karibu na 100, na hizo zinazobaki zinamalizika kwa majira machache ya joto, kwa kuwa msimu wa hoki huwa umelala kuanzia Juni hadi Agosti. Tofauti hiyo kwangu ni kubwa kuliko mshahara wa mwaka mmoja wa AHL. Ken Dryden, kipa wa Montreal, alimaliza Cornell mwaka 1969 kabla ya kuanza NHL, akasomea sheria huku akidaka, akastaafu akiwa na makombe sita ya Stanley na bado ana miaka 31 tu. Baadaye akawa mbunge na waziri Kanada. Zama zake zilikuwa nyingine, mechi na safari zimeongezeka, lakini umri wa kustaafu haujabadilika sana: wengi wanamaliza kabla ya miaka 35 na wanaishi mingine 40.

Kuhusu nani atalipia hizo krediti za mwisho, kuna kanuni ya daraja la kwanza la vyuo iliyoanza Agosti 2024, inayovitaka vyuo viwe na fedha za kuwasaidia waliokuwa na ufadhili kamili kurudi kumaliza digrii, hadi miaka 10. Masharti ya nani anastahili ndiyo muhimu, hasa kwa anayeondoka mapema. Nendeni ofisi ya michezo ya chuo mkaombe barua inayosema kijana akisaini mwaka 2027, chuo kitamlipia nini na mpaka lini. Nimeona wazazi wakiahidiwa hili kwenye ofisi ya kocha kwa kupeana mikono, kisha kocha akahama.

Majeraha: ndiyo, anaweza kuumia chuoni, na ndiyo, aliyesaini akiumia kazini mshahara wake unaendelea kulipwa. Hii ndiyo hoja bora ya baba. Jibu lake ni bima ya ulemavu, ambayo wachezaji wa chuo waliochaguliwa kwenye drafti hununua. Mshauri wenu alete bei, na msiikatae kwa kudhani iko juu ya uwezo wenu kabla hamjaiona.

Nimewataja wazazi sana, kijana nimemtaja kidogo. Johnny Gaudreau angeweza kuondoka Boston College baada ya mwaka wa pili. Alibaki wa tatu kwa sababu mdogo wake Matthew alikuwa anaingia chuoni na alitaka wacheze pamoja. Mwaka huo alitwaa Hobey Baker, akasaini na Calgary, akafunga bao mechi yake ya kwanza. Ndugu hao wawili waligongwa na gari wakiendesha baiskeli Agosti 2024, wakafa pamoja, na ule msimu mmoja wa pamoja hakuna mkataba ambao ungeununua. Mwulizeni mwanenu, mkiwa mmenyamaza kweli, yeye anataka kucheza na nani mwaka ujao na anataka kuamka wapi. Akisema amechoka na darasa na moyo wake umeshahama, msimrudishe kwa nguvu. Mwanafunzi wa uhandisi asiyetaka kuwa darasani ataanguka masomo yote mawili, la barafuni na la vitabuni. Akisema anaogopa tu kuwaangusha baba yake na jamaa, hiyo baba yake anaweza kuimaliza kwa sentensi moja.

Kwa hizo wiki mbili: kesho kijana amwone mshauri wa masomo achukue karatasi ya ukaguzi wa digrii inayoonyesha kozi zilizobaki kwa mihula. Wiki hii mzungumze na kocha wa chuo, kisha meneja wa timu, kwa mpangilio huo, simu ikiwa kwenye spika na kijana ndiye anayeuliza. Mshauri wenu wa mkataba alete tarehe ya haki za drafti na bei ya bima. Na asiweke sahihi popote, hata kwenye karatasi ya majaribio ya wikendi moja, kabla hajaulizia chuoni kama sahihi hiyo itamfungia mlango wa kurudi. Akishasaini mkataba wa NHL, hoki ya chuo imekwisha kwake. Usajili wa kozi za majira ya joto ndio unaofunga mapema kuliko yote haya, kwa hiyo ajiandikishe leo hata kabla hamjaamua. Kozi inaweza kufutwa baadaye.